Jinsi ya kujua kama udongo wa graniti una madini adimu yanayotoka

Watu wakiona ripoti ya maabara imeandika ppm 800 (yaani gramu 800 kwa tani) za madini adimu, haya ya kundi la rare earths, wanajua wameshatoka kimaisha. Subiri kwanza, cha kuuliza ni yameshikwa na nini. Mengi yanakuwa ndani ya monazaiti na zirkoni, chembe ngumu zilizomo kwenye graniti, na hizo mvua haiziyeyushi hata graniti ioze vipi. Unayoyataka ni yale yaliyoachiwa na chembe zinazooza upesi kama apataiti na alanaiti, yakashuka na maji yakanata kwenye udongo wa kaolini, ule mfinyanzi mweupe. Ndo yaliyogunduliwa Ganzhou kusini mwa China mwaka 1969, kiasi chake ni asilimia 0.05 hadi 0.2 tu lakini yanatoka kwa maji ya chumvi, husagi mwamba.

Tafuta kilima chenye mgongo mpana na mteremko wa taratibu, maana milima ya mawe matupu kama ya Mwanza mjini udongo wake umeshaondoka. Chimba, au tumia oga ya mkono (auger, keekee ya kutobolea udongo), na tafadhali usiishie kwenye udongo mwekundu wa juu, hapo maji yameshaosha na mara nyingi imebaki seriamu, mojawapo ya hayo madini adimu, yenyewe ikikutana na oksijeni inaganda palepale wenzake wanashuka. Utajiri uko chini, kwenye graniti iliyooza ambayo bado unaona umbo la jiwe ila feldspa (zile punje nyeupe au za pinki za graniti) ukiibana kwa vidole inakuwa unga mweupe. Chukua sampuli kila mita 1, usichanganye, andika kina kwenye mfuko. Shimo likifika kifuani usiingie tena, endelea na oga, udongo huu unaporomoka bila kuaga.

Kausha, pondaponda kwa mkono, kisha gawa mara mbili. Fungu la kwanza maabara iyeyushe yote kwa moto na lithiamu borati ndo ipime kwa ICP-MS, mashine ya kupima elementi kidogo sana, hiyo ndo jumla; wakitumia asidi ya kawaida monazaiti haiishi na jumla inakuja pungufu. Fungu la pili ndo lenye jibu: yeyusha gramu 66 za salfeti ya amonia (ile ile ya mbolea ya SA, ila tumia safi ya maabara) kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) mpaka ipatikane lita 1, shusha pH iwe 4 kwa matone ya asidi ya salfuriki, weka gramu 40 za udongo kwenye mililita 800 za maji hayo, tikisa nusu saa, chuja, peleka maji yaliyochujika yakapimwe. Waambie maabara yana chumvi nyingi ili wayazimue. Wakikupa miligramu kwa lita zidisha kwa 20, unapata ppm za kulinganisha na jumla.

Ikitoka zaidi ya nusu ya jumla ukiacha seriamu, endelea kuchimba mashimo mengine. Ikitoka asilimia 5, hata jumla iwe kubwa namna gani mimi ningehama kilima. Angalia pia disprosiamu na terbiamu, hizo ndo zinatafutwa kwa sumaku za mota za magari ya umeme.

Maji yaliyobaki usimwage mtoni. Kule Jiangxi, jimbo lenye hiyo Ganzhou, amonia ya migodi imeharibu vijito ambavyo watu walikuwa wanavitegemea.