Mbona mti huu hauna miguu? Kusoma miti na watoto wa chekechea

Nafundisha chekechea hapa Lamu, watoto wa miaka minne na mitano. Vitabu vyetu vingi vya picha vina mti wa aina moja: shina la kahawia, juu yake duara la kijani. Siku moja msichana mmoja aliushika mti huo kwa kidole, akaniuliza, "Mwalimu, mbona huu hauna miguu?" Kwao ni wavuvi. Mti anaoujua yeye ni mkoko, ambao mizizi yake hutoka shinani juu ya tope ikajipinda kama miguu ya kaa. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1. Chagua kitabu kimoja tu, chenye picha kubwa na maneno machache. Kikiwa na matufaha na theluji, usikitupe. Watoto hupenda kubishana na kitabu.

Hatua ya 2. Soma polepole, kidole kikiwa kwenye picha: mzizi, shina, tawi, jani. Kisha uliza, "Kwetu kuna mti gani unaofanana na huu?" Halafu nyamaza. Wakitaja mwembe, mkwaju au mwarobaini, basi umejua kesho mtakwenda wapi.

Hatua ya 3. Tokeni nje na kitabu chenu. Hapa mimi humaliza hata wiki mbili. Kwa mnazi, muombe mkwezi akuangushie matunda ya kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Yapange mkekani kwa zamu yake, kila mtoto atikise sikioni. Dafu liko kimya kwa kuwa limejaa. Nazi kavu maji yake yanacheza. Somo la majina matano limekwisha bila ubao.

Mikokoni nendeni maji yakishatoka, na watu wazima wa kutosha. Watafutie mchu, mti mwingine wa huko mikokoni, walambe jani la juu lisiloguswa na tope. Chumvi! Mti huo huitoa chumvi kwa majani yake. Kwenye mkoko waonyeshe mbegu inayoota ikiwa ingali mtini, ndefu kama kalamu au zaidi, ikingoja kudondoka. Fungueni kitabu pale pale mlinganishe.

Hatua ya 4. Tengenezeni chenu. Kunja karatasi, shona katikati kwa uzi, mtoto achore, wewe andika anachosema. Akisema "yua", kama tusemavyo Lamu, andika yua. "Jua" la vitabuni atalikuta tu. Ukimsahihisha pale pale atakunyamazia. Majani mabichi msiyabandike: mwaka wangu wa kwanza vitabu vyote viliota kuvu. Yakausheni kwanza kwa wiki nzima, yakiwa yamebanwa kati ya magazeti.

Hatua ya 5. Vitieni kikapu kimoja na vile vya dukani. Kwangu kinachogombaniwa ni cha yule msichana, mti wenye miguu tisa, na jalada lake sasa limebaki nusu.