Mazoezi ya nguvu kwa mwanamke: kipi ni kilekile cha mwanamume, kipi kinabadilika

Jimu nyingi za mitaani zina mgawanyo ambao haujaandikwa popote: wanaume kwenye vyuma, wanawake kwenye mashine ya kukimbilia na dambeli za rangi za kilo 2. Mwanamke huyohuyo huenda asubuhi amejitwisha ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 na ushee, kutoka chini hadi kichwani. Dambeli ya kilo 2 haina cha kumfundisha.

Mpango wa msingi ni mmoja kwa wote. Misuli ya mwanamke ikipewa mzigo unaokaribia kuishinda, ikalishwa na kupumzishwa, inaongezeka nguvu, na kwa asilimia wanaoanza hupanda kwa kasi inayokaribiana na ya wanaume. Kinachobadilika ni pa kuanzia, ukubwa wa hatua za kuongeza uzito, vifaa, muda wa kupumzika, na mambo machache ya mwili.

Hofu ya kujazia kama baunsa tuimalize hapa. Mwanamume mzima ana homoni ya testosteroni mara 10 hadi 20 zaidi ya mwanamke. Hata yeye huhangaika miaka kupata kifua kile. Hutaamka siku moja ukajikuta nacho.

Mpango wenyewe

Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanza, tatu ni bora, na uache angalau siku moja katikati. Kila siku fanya mwili mzima: zoezi moja la kuchuchumaa (skwati), moja la kuinama kwa nyonga (dedilifti ya Romania), moja la kusukuma (pushapu, benchi presi au presi ya mabegani) na moja la kuvuta (kuvuta uzito kuelekea mwilini). Seti (mizunguko) tatu za marudio 8 hadi 12. Kabla ya seti za kazi, fanya seti mbili nyepesi za zoezi hilohilo, ya kwanza kwa nusu ya uzito. Hakuna haja ya kutafuta "mazoezi ya wanawake" ya kurusha mguu nyuma mara 50. Makalio yanayotafutwa huko hujengwa na skwati na kuinama kwa nyonga, kwa mzigo wa maana.

Kuinama kwa nyonga ndiko kunakowasumbua wengi, kwa hiyo kuangalie kwa karibu. Simama umeupa ukuta mgongo, umbali wa unyayo mmoja hivi. Legeza magoti kidogo, kisha yaache hapohapo. Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, mgongo umenyooka. Utasikia nyuma ya mapaja pamevutika. Yakigusa, sogea mbele sentimita 5 na urudie, mpaka ufike mahali ambapo ukisogea tena utapoteza mizani. Hapo ndipo mwisho wa mwendo wako. Sasa shika uzito, uteremshe ukiwa unakwaruza mapaja, usiuache uning'inie mbali mbele yako. Ukisikia kiuno kinauma badala ya nyuma ya mapaja, umekunja mgongo au umeshuka chini kuliko nyonga zako zinavyoruhusu.

Kwa pushapu, usipige magoti. Weka mikono juu ya kitu kilichoinuka, kwa mfano benchi, ngazi au ukingo wa meza isiyoteleza, mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Ukifikisha 12 safi, shuka kwenye kitu kifupi zaidi, mpaka ufike sakafuni. Pushapu ya magoti hukuacha palepale kwa miezi, kwa sababu haikupi namna ya kupandisha ugumu kidogokidogo.

Uzito wa kuanzia

Kwa wastani, kati ya watu wasio na mazoezi, nguvu ya mwanamke sehemu ya juu ya mwili ni kama nusu hadi asilimia 60 ya ile ya mwanamume. Miguuni pengo ni dogo zaidi. Kwa hiyo skwati yako inaweza kusogelea ya kaka yako mapema, lakini presi ya mabegani itabaki mbali. Hiyo si dalili ya kukosea.

Anza na uzito unaoona ni mwepesi, fanya marudio 10, kisha jiulize: ningeweza mangapi zaidi? Manne au zaidi, ongeza. Mawili au matatu, huo ndio wako. Dalili ya kuaminika ni kasi: marudio ya mwisho yanapaswa kupunguza mwendo bila wewe kutaka. Kama la 10 limepanda haraka sawa na la kwanza, mzigo ni mwepesi mno, hata kama jasho linatiririka. Wanawake wengi wakiachiwa wachague wenyewe huchukua pungufu. Vijana wa kiume mara nyingi hukosea upande wa pili, wakapandisha pleti mgongo ukiwa umepinda.

Jihadhari na majedwali ya asilimia ya programu za mtandaoni. Mengi husema asilimia 75 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja tu inatoa marudio 10. Wanawake wengi hupita hapo, hasa kwenye mazoezi ya miguu, kwa sababu misuli yao huchoka taratibu zaidi kwa mzigo wa asilimia ileile. Ukifuata namba bila kuangalia kilichobaki mwilini, unafanya kazi pungufu. Kwa sababu hiyohiyo mapumziko yanaweza kuwa mafupi: sekunde 60 hadi 90 kwa mazoezi madogo, dakika 2 kwa skwati, wakati mwanamume mwenye mzigo mzito huhitaji 3 au zaidi. Lakini ukiona seti ya pili imepungua marudio matatu au manne, pumzika zaidi.

Kuongeza uzito: hapa ndipo wengi hukwama

Fikisha 12 kwenye seti zote tatu, ongeza uzito, rudi kwenye 8, panda tena. Kanuni ni rahisi. Tatizo ni pleti. Jimu nyingi pleti ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, na ukiweka moja kila upande umeongeza kilo 5. Kwa mwanamume anayesukuma 60 hiyo ni nyongeza ya asilimia 8 hivi. Kwa mwanamke anayesukuma kilo 20 ni asilimia 25, na hakuna mwili unaoruka hatua hiyo kwa wiki moja. Mtu hujaribu, anashindwa, anarudi 20, anakaa hapo mwaka mzima akiamini amefika mwisho wake.

Uliza kama zipo pleti za kilo 1.25. Zisipokuwepo, jaza mchanga kwenye vifuko viwili vya nusu kilo, uvifunge kwa nguvu pembeni mwa pleti, kimoja kila upande, visining'inie wala kubembea. Kwa dambeli, bendi za kifundo za nusu kilo zikivaliwa mkononi zinafanya kazi hiyohiyo. Kama hakuna hata hivyo, panda kwa marudio hadi 15 kabla ya kuruka, au ongeza seti ya nne.

Vifaa vilivyotengenezwa kwa mwili mwingine

Chuma kirefu cha kawaida kina kilo 20 na unene wa milimita 28. Cha mashindano ya wanawake ni kilo 15 na milimita 25, lakini ni nadra kukiona nje ya klabu za mchezo wa kunyanyua uzito. Unene huo unaathiri mshiko: mikono midogo huachia kabla mgongo na miguu haijachoka. Tumia chaki, na kwa seti nzito za mwisho funga kamba za mkononi. Usizitumie kila seti, mshiko nao unahitaji kukua.

Kwa vyuma vya nyumbani, vile vya zege ndani ya makopo ya rangi, bomba la chuma la inchi moja lina unene wa nje wa milimita 33 hivi, kubwa mno kwa viganja vingi vya kike. La robo tatu lina kama 27 na linashikika vizuri, ila halifai kwa skwati nzito, litapinda. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4, hivyo kopo la lita 4 litakupa kilo 9 na nusu. Pima pande zote mbili kwenye mizani ya dukani kabla ya kutumia; upande mmoja ukizidi, bega moja litafanya kazi ya mawili.

Kwenye benchi, kama nyayo hazifiki chini vizuri, weka pleti au matofali mapana chini ya miguu. Kwenye kizimba cha skwati, vishikio viwe usawa wa katikati ya kifua. Ukilazimika kusimama kwa vidole kutoa chuma, ni juu mno. Wanaovaa hijabu waepuke pini mahali kichwa kinapolalia.

Magoti na pumzi

Goti kuingia ndani unaposhuka au unapotua ni la kuangaliwa zaidi kwa wanawake. Kwenye soka na kikapu kano ya mbele ya goti hukatika kwao mara nyingi kuliko kwa wanaume. Goti lifuate uelekeo wa vidole vya mguu. Likiendelea kuingia, punguza uzito na ongeza skwati za mguu mmoja nyuma ukiwa umeshika ukuta.

Kuvuja mkojo kidogo wakati wa kunyanyua kunawapata wengi, waliozaa na wasiozaa, na wengi huacha mazoezi kimyakimya kwa sababu hiyo. Punguza mzigo, toa pumzi unapopandisha badala ya kuibana, na kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo kabla ya kuanza kunyanyua. Kukiendelea, mtaalamu wa fiziotherapia ana mazoezi mahususi. Kunatibika.

Hedhi, damu na chakula

Huna haja ya kupanga programu nzima kwa kalenda ya hedhi. Siku ukijisikia vibaya, ondoa seti moja lakini uache uzito ulivyo. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, mara nyingi kwa mtu wa mazoezi chanzo ni kula kidogo mno, mwone daktari.

Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, mwanamume 8. Ukichoka upesi, ukakata pumzi kwenye ngazi, pima damu kabla ya kulaumu mazoezi. Kula dagaa, maini, nyama, maharage na mboga za majani pamoja na limau, na chai iwe angalau saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini hayo yasifyonzwe. Protini ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 65 anahitaji kama 104. Yai lina 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya maziwa 8.

Mjamzito aliyekuwa akifanya mazoezi, kama daktari hajamkataza, anaendelea kwa mizigo ya wastani, bila kubana pumzi, na baada ya miezi mitatu ya kwanza aache kulala chali kwa muda mrefu. Baada ya kujifungua asubiri ukaguzi wa daktari, mara nyingi wiki 6, na zaidi kwa aliyepasuliwa.

Mama aliyekoma hedhi ndiye anayeambiwa zaidi ajihurumie kwa vyuma vyepesi, wakati mifupa yake inapungua upesi kuliko wakati mwingine wowote na inahitaji mzigo. Aanze na uzito wa chini na ajifunze mwendo kwa mwezi au miwili, kisha apande kwa kanuni ileile ya 8 hadi 12. Kama mifupa imeshapimwa na kuonekana dhaifu, aachane na mazoezi ya kukunja mgongo mbele au kuuzungusha kwa uzito.