Kurekodi mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili), mmoja mmoja

Mimi huanzia kwenye nywele. Hapa Moshi wengi huja wamesuka au wamepaka mafuta, na elektrodi, yaani kile kipande cha waya kinachobandikwa kichwani kupokea mawimbi, haishiki juu ya mafuta. Waambie ndugu za mgonjwa wamfumue na kumwosha siku moja kabla. Gawanya nywele kwa kitana, sugua ngozi taratibu kwa pamba, weka jeli. Nikimwambia, "Mama, waya hizi zinasikiliza tu, hazipitishi umeme kichwani," mabega yanashuka na mchoro wa mawimbi unatulia.

Kisha msikilizishe mlio uleule mara nyingi, ukipenyeza mlio tofauti mara chache. Ubongo huushtukia ndani ya milisekunde 100 hadi 250 hivi. Kwa wenye skizofrenia mshtuko huo mara nyingi ni mdogo, lakini si kwa wote, na hapo ndipo penye utafiti. Usikimbilie wastani wa kundi: chora mstari wa kila mtu peke yake, uone nani anafanana na wasio wagonjwa na nani yuko mbali nao.

Andika dawa na dozi. Klozapini, dawa ya skizofrenia, huongeza mawimbi ya polepole, ukadhani ni ugonjwa. Aliyesafiri usiku kucha, mwache alale kwanza.