Kupanga kamera ndogo ya mfukoni kwa jua la Dar es Salaam na sura za watu wetu

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ndogo ya kidijitali, au anayefikiria kununua, anayetaka kupiga maisha ya kila siku: watu wa nyumbani, majirani, sokoni, kituo cha daladala. Nitatumia Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, kwa sababu ndiyo ninayotembea nayo. Ina uzito wa gramu 240 pamoja na betri na kadi, na inaingia mfuko wa suruali. Kama yako ni Canon PowerShot G7 X au Ricoh GR III, vitufe vitakuwa mahali pengine lakini kazi nyingi ni zilezile.

Jambo la kushika kabla ya yote: kamera haijui unampiga nani. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuuvuta uwe wa wastani, kama kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Kwa jua letu na kwa ngozi nyeusi, wastani huo hukosea mara nyingi, na anayeumia ni aliyepigwa. Sura inakuwa giza hata macho hayaonekani, au inapauka ikawa ya majivu. Watu wamezoeshwa kuamini kwamba wao "hawatoki vizuri kwenye picha". Wanatoka vizuri kabisa. Kamera tu haijaambiwa cha kufanya.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Ukienda kununua ya mtumba, beba kadi yako ya memori. Iwashe na kuizima mara kadhaa huku ukisikiliza lenzi inavyotoka na kurudi. Ikikwaruza, imeingia mchanga. Kisha zungusha kidude cha juu hadi herufi A, funga tundu la lenzi hadi f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), piga ukuta mweupe au anga, na uikuze picha kwenye kioo. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale kila ukipiga ni vumbi lililokaa juu ya kihisi, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Lenzi ya kamera hizi haichomoki, kwa hiyo kulitoa ni mpaka fundi afungue mwili wote. Hapo tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Panga mara moja, usirudi kwenye menyu

Weka kidude kwenye S. Hapo wewe unachagua kasi ya shata, kamera inachagua tundu la lenzi. Anza na 1/250 ya sekunde. Inatosha kumgandisha mtu anayetembea.

ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iweke ya kujiendesha yenyewe, lakini iwekee mpaka: chini 125, juu 1600. Ikizidi hapo chenga zinaanza kula ngozi. Washa utambuzi wa nyuso. Flashi iache imelala. Ubora wa picha weka RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG (picha ya kawaida) pamoja kama kadi ina nafasi.

Halafu mpangilio ulio muhimu kuliko yote hayo: pete inayozunguka lenzi ipe kazi ya alama ya +/-, yaani kuongeza na kupunguza mwangaza. Kuanzia leo hiyo ndiyo kazi ya mkono wako wa kushoto. Mengine yote yameshapangwa.

Hatua ya 3: Jifunze kuizungusha pete

Hapa ndipo pa kukaa siku nyingi, maana vitu vinne unavyokutana navyo kila siku vinaidanganya kamera kwa njia tofauti.

Mtu aliyevaa kanzu nyeupe. Weupe ukijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na sura inazama. Ongeza hadi +0.7, au hata +1. Kanzu itapoteza mikunjo kidogo. Kati ya mikunjo na macho, mimi nachagua macho. Ukimsogeza kivulini utapata vyote viwili.

Mtu aliyevaa buibui jeusi. Mambo yanageuka: kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, na uso unapauka. Punguza hadi -0.7.

Sura nyeusi iliyojaza fremu yote. Hapa wengi wanashangaa. Wanadhani ngozi nyeusi siku zote inahitaji kuongezewa. Ukisogea karibu hadi hakuna kingine kwenye picha, kamera inataka kuifanya sura ile iwe ya kijivu, nayo inakuwa ya majivu kweli. Punguza kidogo, -0.3 mpaka -0.7, urudishe rangi yake halisi, ule wekundu na kahawia ulio ndani ya ngozi.

Mama lishe ndani ya kibanda, nje jua kali nyuma yake. Ongeza +1 bila woga, na ukubali kwamba barabara iliyo nyuma itakuwa nyeupe. Barabara hukuja kuipiga.

Usihukumu kwa kioo cha kamera ukiwa juani, kwa sababu kila kitu kitaonekana giza. Simama kivulini, angalia ule mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga. Kilima kikibanwa ukutani upande wa kulia, kuna sehemu imeungua, na hata RAW hairudishi kilichoungua.

Hatua ya 4: Juani, badili kasi

Ukiwa kwenye jua la wazi na ISO 125, kasi ya 1/250 inailazimisha RX100 ifunge tundu hadi f/11, ambao ndio mwisho wake, na picha inalegea ukali. Panda hadi 1/1000. Tundu litakuwa karibu f/5.6 na picha itakaza.

Lakini saa sita mchana, ukiweza, usimpige mtu juani. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Mwombe asogee barazani au chini ya mwembe, pembeni kabisa ya kivuli, akiangalia nje kwenye mwanga. Ukuta mweupe ulio mbele yake utamrudishia mwanga laini usoni. Jihadhari na turubai la bluu la genge: linapaka kila sura rangi ya bluu na kuisahihisha baadaye ni taabu. Hatua moja kutoka chini yake inatosha.

Na usimkaribie mtu kwa upana wote wa lenzi, pua itavimba. Vuta zumu kidogo, kama milimita 50 hadi 70.

Hatua ya 5: Salimia kwanza

"Shikamoo mama, naomba nikupige picha, nitakuletea." Akikataa, shukuru uende. Feri, kwenye soko la samaki, kumbuka kwamba Ikulu iko jirani. Lenzi ibaki upande wa samaki. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usipige.

Hatua ya 6: Usiku na ndani

Zumu yote irudishe ndani, maana hapo tundu ni f/1.8, ukivuta hadi mwisho linabaki f/4.9. Chini ya taa za tyubu shuka hadi 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya juu inaweza kukupa picha moja ya njano na inayofuata ya giza.

Hatua ya 7: Chumvi, unyevu, vumbi

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto, vinginevyo lenzi itajaa ukungu. Ufukweni upepo ukipeperusha mchanga, usiiwashe.

Hatua ya 8: Peleka picha kwa mwenyewe

RX100 ya kwanza haina Wi-Fi. Tumia kisoma kadi kwenye simu. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti isibanwe. Lakini ahadi ya kweli ni karatasi. Picha za kamera hii zina umbo la 3 kwa 2, zinaingia sawasawa kwenye inchi 4 kwa 6 bila kukatwa kichwa wala miguu. Unapopeleka studio kusafisha, mwambie mhudumu mapema azime marekebisho ya kujiendesha na asing'arishe sura. Wengi wao huzing'arisha kwa mazoea, wakidhani wanakusaidia. Omba asafishe moja kwanza, uilinganishe na faili lako, ndipo aendelee na zilizobaki.