Tambi zisizogandana: za nazi, za karai na za supu

Tambi nyingi haziharibiki kwa viungo, zinaharibika kwa maji. Aina moja hunywa maji yote mpaka yakauke, nyingine hutaka maji tele kisha yamwagwe, nyingine hata jikoni haihitaji kuchemshwa. Ukishika hilo, mengine ni ladha yako tu.

Tambi za nazi

Hizi ndizo za futari, na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kwa watu wanne chukua gramu 250 za tambi nyembamba.

1. Ikune nazi moja kubwa. Kamua tui zito nusu glasi uliweke kando, kisha rudia machicha kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi glasi mbili.

2. Vunja tambi vipande vya urefu wa kidole. Yeyusha samli vijiko viwili vya mezani, moto wa wastani, uzikaange huku ukigeuza bila kuacha mpaka ziwe rangi ya asali. Usiruke hatua hii. Wanga wa juu ukishakaangwa haugeuki gundi, na ile harufu ya kuungua kidogo ndiyo utamu wenyewe. Kaa nazo hapo hapo, kwa sababu zikishaanza kubadilika rangi hazichelewi kuungua.

3. Chemsha tui jepesi na sukari vijiko vitano, chumvi kidogo sana na iliki iliyotwangwa papo hapo. Limwage kwenye tambi likiwa la moto. Funika, punguza moto.

4. Maji yakikaribia kukauka, tia tui zito na zabibu kavu, geuza mara moja tu, kisha palia mkaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria na uache moto mdogo kabisa. Tui zito huingia mwisho kwa sababu likichemka kwa nguvu muda mrefu hukatika, ukabaki na mafuta yanayoelea.

Tambi za karai na kamba

Kamba wazuri wanapatikana Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi mapema. Chagua walio wagumu, wasio na harufu kali, vichwa havijaanza kuwa vyeusi. Wamenye, toa ule uzi wa mgongoni.

Spageti au tambi za mayai zichemshe kwenye maji mengi: lita moja kwa kila gramu 100, na kijiko cha chai cha chumvi. Zitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa sababu zitaendelea kuiva kwenye karai. Chuja, suuza kwa maji baridi, pakaza mafuta kidogo. (Spageti za kula na rosti ya nyama usizisuuze, maana wanga unaobaki ndio unaoshikisha mchuzi.) Za mchele zenyewe zilowekwe tu kwenye maji ya moto mpaka zilainike, kama dakika kumi kwa zile nyembamba.

Karai liwe la moto sana. Kaanga kamba mpaka wajikunje na kuwa wekundu, kisha watoe. Fuatisha kitunguu saumu na tangawizi, halafu karoti, hoho na kabichi, zibaki na mlio mdomoni. Rudisha kamba pamoja na tambi, nyunyiza sosi ya soya, epua, kamulia ndimu. Pika za watu wawili kwa mara moja. Karai likijaa hupoa, mboga zikatoa maji, na hapo unakuwa umechemsha.

Za pakiti, ndani ya supu

Tambi za pakiti zilibuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958. Nyingi zimeshapikwa na kukaangwa kiwandani, ndiyo maana dakika tatu zinatosha. Zichemshe peke yake, mwaga yale maji, kisha ziweke kwenye bakuli na umimine juu supu ya kuku au ya pweza ikiwa inatokota. Kile kipakiti cha viungo kina chumvi nyingi. Supu ikiwa imeungwa vizuri, kiache kabisa. Ongeza giligilani na pilipili mbuzi, mle hapo hapo, kwani tambi zikikaa kwenye supu huendelea kuinywa na kuvimba.

Za nazi zikibaki, zipashe asubuhi kwa kijiko cha maji na mfuniko juu, mnywee chai ya rangi.