Ukipata Barua ya Hakimiliki Bwenini

Sisi wa Temeke tumekulia kwenye vibanda vya kujaza nyimbo: unatoa flashi, unalipa, unaondoka na albamu nzima. Mazoea hayo nilipanda nayo ndege hadi chuoni Ohio, Marekani, nikawa napakua kwa torenti, na mwanzoni mwa Oktoba ikaja barua ya hakimiliki na intaneti ya chumbani kwangu ikakatwa. Wadogo zangu mnaokuja kusoma Marekani, nisikilizeni.

Ujue kwanza walivyokupata. Hakuna aliyechungulia laptopu yako. Torenti, yaani njia ya kupeana faili moja kwa moja kati ya kompyuta za watu, hukata faili vipande vipande, na wewe unapopokea vipande unawagawia wengine hapohapo. Mawakala wa wenye hakimiliki hujiunga na msururu huohuo, wakanakili anwani ya IP (namba ya kifaa chako mtandaoni) na saa, kisha wakakiandikia chuo. Chuo nacho kina kumbukumbu, maana waifai uliingia kwa jina na nywila yako. Anayesema "mimi napakua tu, sigawi" haijui programu anayoitumia.

Ukifungua barua, tafuta saa. Hapo ndipo nilipojiaibisha. Yangu iliandikwa 01:20 UTC, yaani saa za kimataifa, si za Ohio, nikaenda ofisini kubisha kwamba saa saba usiku nilikuwa nimelala. Dada wa mezani akatabasamu: kwa saa za Ohio ilikuwa saa tatu na dakika ishirini usiku, jana yake. Nilikuwa macho, nakula ugali.

Halafu zima programu, na kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Hubaki inafanya kazi kwenye ikoni ndogo pembeni ya saa. Itoe kabisa, na hakikisha haijiwashi ukiwasha kompyuta.

Sasa soma barua ni ya aina gani. Ikiwa ni onyo la kawaida chini ya sheria ya hakimiliki ya 1998, futa faili, jibu kabla ya muda uliopewa, usitunge uongo. Ikitaja mahakama au kudai fedha, usifute chochote wala usilipe. Ulizia wakili wa wanafunzi, vyuo vingi wanaye. Usiione ndogo. Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Boston University, alihukumiwa mwaka 2009 kulipa dola 675,000 kwa nyimbo 30. Sheria inaruhusu kuanzia dola 750 hadi 150,000 kwa kila kazi, kwa hiyo usipige hesabu kwa bei ya wimbo dukani.

Chuo hakikuonei. Sheria ya elimu ya juu ya 2008 inakitaka kiwe na mpango wa kupambana na usambazaji huu, na kiwatangazie wanafunzi kila mwaka. Ile baruapepe ndefu ya Agosti tuliyoifuta sote ndiyo hiyo.

Torenti yenyewe si kosa. Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, husambazwa hivyo kila siku. Kosa ni kilichomo. Kwa filamu, uliza maktaba kabla ya kutafuta kwingine: nyingi zimelipia Kanopy, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, unaingia kwa akaunti ya chuo bure. Na nywila usimpe mtu, hata mwenzako wa chumba anayelia simu yake imeishiwa bando. Barua itakuja kwa jina lako.

Mimi nilirudishiwa intaneti siku ya tatu, baada ya kujibu maswali kumi mtandaoni. Nilikosa mawili.