Ubunifu: namna ya kulitumia neno hili bila kuteleza

Shina lake ni kitenzi buni, yaani kutoa akilini kitu ambacho hakikuwapo.

Hatua ya 1: Uliza kama kitu kilikuwapo
Kilichokuwapo bila kujulikana hugunduliwa. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Kuvu ilikuwa ikiitoa hata kabla yake. Tim Berners-Lee alibuni Wavuti mwaka 1989, na hapo hapakuwa na kitu cha kugundua. Kuvumbua hukanyaga pande zote mbili, kwa hiyo liache pale unapotaka usahihi. Kuunda ni kazi ya mikono: kiti hubuniwa kichwani, kisha fundi hukiunda. Shairi hutungwa.

Hatua ya 2: Tenga mbuni na mbunifu
Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mbunifu ni mwenye kipaji au kazi hiyo, kama mbunifu wa mavazi. Mbuni ni aliyetoa wazo la kitu mahususi: mbuni wa mashine hii. Tatizo ni kwamba mbuni ni ndege pia, tena ni mti wa kahawa! Wingi ndio unaotegua kitendawili: watu ni wabuni, miti ni mibuni, ndege hubaki mbuni. Sentensi ya umoja ikileta utata, taja kitu kilichobuniwa, au andika tu “aliyebuni”.

Hatua ya 3: Kagua upatanisho
Ubunifu wake umeonekana, si “ubunifu yake imeonekana”. Ukimaanisha kipaji, neno halina wingi. Ukimaanisha vitu vilivyobuniwa, sema bunifu: bunifu tatu zimechaguliwa. Kivumishi nacho hufuata nomino: mtu mbunifu, watu wabunifu, kazi bunifu. Kwenye mawazo, kanuni inadai “mabunifu”, ila sikio la wengi hulikataa. “Mawazo ya kibunifu” hupita popote.

Hatua ya 4: Pima kama unasifu au unashutumu
Buni lina upande wa uongo. Mwandishi akibuni wahusika, hiyo ni bunilizi, na ni halali yake. Shahidi akibuni maelezo, amedanganya, ingawa kuzua lingemchoma zaidi. Jina la kubuni halimtii mtu doa, lakini “ripoti ya kubuni” ni tuhuma nzito. Ukikusudia kumsifu aliyeiandaa, andika “ripoti iliyoandaliwa kwa ubunifu”.